Tuache kuwaimbia vilema Artikle 15



Katika gazeti letu hili tumekwisha kuandika mara nyingi juu ya mpira, juu ya usafi wa madarasa, na juu ya wale wanaoruka ukuta usiku. Leo tunaomba nafasi kwa jambo lingine. Tunataka kusema juu ya watu wenye kilema wasio na nyumba hapa mjini Kindu: wale wanaolala kwenye barza za magazini, upande wa gare, na chini ya meza za soko. Ijumaa tunawaona mbele ya misikiti, Siku ya Mungu mbele ya makanisa. Kila mmoja wetu anawajua kwa sura. Wangapi kati yetu wanawajua kwa jina?

Neno letu ni moja tu. Sadaka ni nzuri, hatusemi iachwe. Lakini kuko vitu ambavyo watu hao hawapaswi kuviomba kama sadaka, maana ni haki yao kwa Serikali, nao wanavikosa kwa sababu ya karatasi. Na kazi ya karatasi sisi wanafunzi tunaiweza. Miguu tuko nayo, kalamu tuko nayo, Kifaransa cha maofisi tunakisoma kila siku. Tukikaa kimya tutajibu nini?

ARTIKLE INAYOIMBWA NA ARTIKLE ILIYOANDIKWA

Kila Mkongomani anajua Artikle 15. Mtu akikosa chakula wanamwambia: "Artikle 15." Mfanyakazi akikosa mshahara: "Artikle 15." Maana yake, jitafutie mwenyewe, hakuna atakayekuja. Kilema anayelala inje naye tumemwimbia wimbo huo tangu zamani, na yeye ameutii kuliko sisi sote. Anashona viatu, anauza kalanga na sigara moja moja, na siku isiyo na biashara ananyoosha mkono.

Lakini fungueni Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Artikle 15 ya kweli inasema juu ya kuondoa jeuri ya kingono. "Jitafutie" haimo. Kilichomo ni Artikle 49. Hiyo inasema kwamba mzee na mtu mwenye kilema wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, kwa kadiri ya mahitaji ya mwili wao, ya akili yao na ya utu wao. Tena inasema ni wajibu wa Serikali kuwapatia watu wenye kilema nafasi katika mabaraza ya nchi, ya majimbo na ya miji. Mwisho inaagiza sheria itungwe ya kupanga mambo hayo.

Sheria hiyo ilikawia sana. Mwaka 2015 nchi yetu iliingia katika Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye kilema, yaliyopitishwa mwaka 2006, ambayo Artikle yake ya 28 inasema juu ya maisha ya kufaa na ulinzi wa jamii. Ndipo tarehe 3 Mei 2022 sheria numero 22/003 ikatiwa sahihi. Hesabuni ninyi wenyewe: mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa Katiba alikuwa amekaribia miaka 16 au ameitimiza siku sheria ilipofika. Sasa imefika. Lakini sheria haina miguu. Sherti mtu aichukue mkononi na kuipeleka mahali inapotakiwa.

HAKI GANI HASA?

Tuseme kweli, tusidanganye mtu. Kwetu hakuna franga ambazo Serikali inampa kila kilema mwisho wa mwezi. Anayewaambia vilema "toeni franga kidogo, tuwaandikishe, mtapokea mshahara", huyo ni mwizi, mumkimbie. Lakini kati ya mshahara wa kila mwezi na kukosa yote kabisa, kuko mambo mengi.

La kwanza ni jina. Siku hizi karta ya uchaguzi njo inashika nafasi ya karta ya kitambulisho. Asiye nayo hawezi hata kuandikisha namba ya simu kwa jina lake, na bila namba hawezi kupokea franga kwa simu. Mtu anayelala inje anaipoteza upesi. Mvua inailowesha, mwizi anaichukua pamoja na mfuko, panya wanaila. Sisi tuko na sanduku na kofuli katika dortwari. Yeye sanduku lake ni mfuko wa koti.

La pili ni cheti cha kuzaliwa cha watoto wake. Sheria ya jamaa, iliyorekebishwa mwaka 2016, inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto. Zikipita, sherti kwenda kwa tribinali kutafuta hukumu inayoshika nafasi ya tangazo lile lililokawia. Mama aliyezaa chini ya barza ya magazini, nani alimwambia habari za siku 90?

La tatu ni shule. Artikle 43 ya Katiba inasema shule ya msingi ya Serikali ni ya lazima na ya bure, na tangu Septemba 2019 jambo hilo limeanza kutimizwa. Shule za msingi za makanisa zilizo chini ya mapatano na Serikali zimo pia. Sasa tazameni yule mtoto anayemwongoza kipofu kwa fimbo, mmoja mbele, mmoja nyuma. Shule inafunguliwa saa moja na nusu, naye saa hiyo yuko njiani kwenda sokoni. Shule ni bure, lakini mtoto haiko bure, ameshika fimbo. Hapo tukitupa franga 500 katika sahani tumelipa nini? Tumelipa siku moja zaidi ya mtoto yule kukosa darasa.

La nne ni cheti cha ufukara. Kinaandikwa na ofisi ya mambo ya jamii, ile watu wanayoiita "sosiali". Mwenye cheti hicho anaweza kuomba asamehewe malipo ya tribinali. Wengi wetu hatukujua kwamba kipo.

La tano ni kwa wale waliofanya kazi ya mshahara. Kati ya hao wanaolala inje wamo waliokuwa wafanyakazi, wakaanguka au wakakatwa mguu kazini. Kama mkubwa wa kazi alikuwa akilipa kwa INSS ya zamani, ambayo siku hizi ni CNSS, sheria ina malipo ya ajali ya kazi na pensheni ya mtu aliyeharibika mwili. Hiyo haiwahusu wanaolima, wanaouza sokoni au wanaosukuma baiskeli, na hao ndio wengi. Lakini yule mmoja ambaye inamhusu, kwa nini afe akiwa na haki yake ndani ya faili ya mtu mwingine?

UFUNGUO NDANI YA SANDUKU

Wasomaji watauliza: kama haki ziko, mbona hawaendi kuzitafuta? Wanaenda. Tuwaambie tuliyoyaona.

Wawili wetu walimsindikiza baba mmoja kipofu anayekaa Alunguli, ng'ambo ya mto. Ofisi aliyotafuta iko ng'ambo hii. Jina lake hatutalitaja, maana hatukuandika ili kumpiga mtu vita. Karani akamwuliza kwa heshima:

"Baba, unakaa avenue gani? Numero gani?"

"Miye nalala ku soko, mukubwa."

"Soko haiko adresi, baba. Kuya na mutu wa avenue yako."

Safari ya pili alikuja na mtu. Wakasema mtu huyo hana karta. Safari ya tatu mwenye muhuri alikuwa katika misheni. Sasa fanyeni hesabu kama katika mtihani. Kipofu havuki peke yake, anavuka na mtoto. Watu wawili, safari tatu, kwenda na kurudi: nafasi 12 katika mtumbwi, zote zimelipwa kwa franga za kuombaomba. Mwisho wake hata herufi moja haikuandikwa. Baba yule hakukasirika. Alisema tu: "Bana, karatasi ni ya batu benye nyumba."

Hapo njo penye fundo. Ofisi inataka adresi kwa mtu ambaye taabu yake ni kukosa adresi. Ili apate hukumu ya tribinali, alipe. Ili asamehewe kulipa, alete cheti cha ufukara. Ili apewe cheti cha ufukara, aonyeshe yeye ni nani. Ili aonyeshe yeye ni nani, alete karatasi anayoitafuta. Ni kama mtu aliyefungia ufunguo ndani ya sanduku. Hatusemi makarani ni watu wabaya. Wengine ni baba zetu na mama zetu, na wana ukosefu wao. Tunasema sanduku hilo halifunguki kwa mkono wa mtu mmoja, zaidi kama mtu huyo haoni, au anatambaa, au hajui kusoma kibandiko kilicho mlangoni.

WANAOTUPINGA

Tulipozungumza neno hili katika dortwari, wenzetu wengine walikataa. Ni vema tuwajibu hapa.

Wengine walisema: "Serikali haina franga, mnajisumbua bule." Jibu letu: muhuri si dhahabu, na nafasi ya mtoto darasani ipo tayari. Tena asiyeandikwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hawekewi sahani mezani. Siku Serikali itakapokuwa na franga, itaanza na majina yaliyo katika buku.

Wengine walisema: "Hao wamezoea kuomba, kazi hawaitaki." Sisi tunawaonyesha mto wetu wenyewe, lakini kule chini, kati ya Kinshasa na Brazzaville. Kwa miaka mingi watu wenye kilema walipunguziwa nauli ya mashua pale Beach. Jambo dogo tu. Wakanunua baiskeli za magurudumu matatu, wakabeba bidhaa, wakafanya vyama vyao, na wafanyabiashara wazima wakawa wanawategemea. Haki ndogo ya nauli ilizaa kazi kwa watu wengi. Nani basi alikuwa hataki kazi?

Wengine walitaja Staff Benda Bilili, wanamuziki wa Kinshasa wenye kilema cha polio waliolala inje na kufanya mazoezi karibu na bustani ya wanyama, hata filamu yao ikaonyeshwa Cannes mwaka 2010. Wakasema: "Muone, mwenye akili anajiinua." Sisi pia tunawapenda. Lakini je, sherti kiwete ajue kupiga gitaa ndipo apate cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake? Sisi wenye miguu mizima tulipata vyeti vyetu bila kuimba.

Wengine walisema: "Wamo wadanganyifu wanaojifanya vilema." Wamo. Dawa ya uongo ni nini? Ni daktari kuangalia na ofisi kuandika. Kwa hiyo hata anayechukia wadanganyifu angetusaidia kutafuta karatasi.

Na wachache walisema kwa sauti ya chini kwamba ni laana, au uchawi wa jamaa. Wadogo wetu wa darasa la saba wanajifunza kwamba polio ni virusi, na matone ya chanjo yanaizuia. Upofu wa mtoni unaletwa na mnyoo unaochukuliwa na nzi weusi wa maji ya kasi. Wengine walikatwa miguu kwa risasi na kwa vita, nasi watoto wa mashariki ya Kongo hatuhitaji kufundishwa habari za vita. Anayesema laana anatafuta ruhusa ya kupita upande wa pili wa barabara.

Sisi wa shule ya kanisa tunajua habari za Mefibosheti, yule kiwete mwana wa Yonathani. Mfalme Daudi hakumtupia vipande mlangoni. Alimrudishia mashamba ya babu yake, akaweka watu wa kumlimia, akampa mahali pa kula mezani pake. Alirudishiwa mali yake. Tofauti ya sadaka na haki imo yote mle.

TUFANYE NINI?

Kila mwaka tarehe 3 Desemba, siku ya watu wenye kilema ulimwenguni, kuna hotuba, sabuni na sukari. Tarehe 4 barza ni zilezile. Sisi tunapendekeza kazi ndogo, lakini isiyoisha kwa siku moja.

1. Daftari. Jumamosi tutatembea na daftari moja, tukiongea na anayekubali tu. Tutaandika jina lake, mahali alipozaliwa, majina ya wazazi, watoto wake, na karatasi anayokosa. Daftari litafungwa kwa ufunguo katika ofisi ya shule. Maneno ya mtu maskini si ya kuchekea katika dortwari.

2. Adresi. Tutawaomba wachungaji na wakubwa wa avenue wakubali kushuhudia kwa maandishi kwamba mtu huyu anajulikana hapa, na barua yake ifikie hapa. Kanisa lina avenue na numero. Liwakopeshe wasio nayo. Misikiti na mapadri tutawaomba vilevile, maana kipofu hana chama.

3. Wawili wawili. Anayekwenda ofisini asiende peke yake. Mwanafunzi mmoja wa darasa la mwisho na mmoja wa chini yake watamsindikiza baada ya masomo, kabla ofisi haijafungwa, na watu walewale watarudi naye mpaka mwisho. Mtoto anayemwongoza kipofu tutamshikia fimbo, yeye aende shuleni. Kwa siku moja tu ya wiki ni kidogo, lakini mwalimu ataanza kujua jina lake.

4. Maandishi. Ombi la mdomo linasahauliwa. Tutaandika barua kwa Kifaransa safi, nakala mbili, na kuomba muhuri wa kupokelewa juu ya nakala yetu. Wakituambia "rudini kesho", tutauliza kwa adabu: kesho saa ngapi, kwa nani? Wakitaka madesu ya bana, tutaomba risiti. Tusitukane mtu. Heshima na risiti vinatosha.

5. Kuhifadhi. Karatasi ikipatikana itiwe katika plastiki iliyofungwa vizuri, na kopi ibaki kanisani. Mvua ya Maniema tunaijua.

6. Mikono misafi. Hakuna kupiga picha za watu hao, hakuna kuchukua asante ya franga, hakuna kupokea chochote kwa jina lao. Haki ni yao, safari ni yao, sisi ni fimbo tu.

Kwa wakubwa wa maofisi tunaomba mambo mawili bila kiburi. Kwanza, mtu mwenye magongo asipandishwe ngazi, karani ashuke. Pili, siku moja katika mwezi meza moja ya ofisi ivuke mto mpaka Alunguli, au iwekwe sokoni. Ni rahisi muhuri kuvuka mara moja kuliko vipofu ishirini kuvuka mara tatu.

Kuna watakaosema Mtihani wa Serikali uko karibu na finalisti hana nafasi. Tumepima. Ni saa mbili kwa wiki, chini ya saa tunazopoteza tukibishana juu ya mpira. Na Kifaransa tunachotafuta katika mtihani, tutakipata pia tukiandika barua yenye mtu nyuma yake.

Wadogo wetu, nanyi mko na kazi tangu leo: acheni kuwaita watu hao kwa kilema chao. "Kiguru", "Macho-hakuna", hayo si majina. Ulizeni jina, mlitaje kwa Baba au Mama mbele, kama mnavyofanya kwa wazazi wenu. Jina likitajwa barabarani, siku moja litaandikwa ofisini.

Karatasi ya kujiandikisha itabandikwa Jumatatu kwenye mlango wa darasa la nne, saa ya mapumziko. Tunatafuta kwanza watu kumi. Anayejua kuandika vizuri aje, anayejua maofisi aje, anayejua kupiga kasia tu, naye aje.

Kwa niaba ya kamati ya wanafunzi,
Kapita wa wanafunzi, darasa la nne